Mialoni Isiyosinyaa

Bangalore, 18 Novemba 1994

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Nakuinamia na kukushika miguu kutoka huku mbali, wewe na Baba Mdogo. Mimi mzima. Treni ilichelewa sana, lakini zile chapati za ulezi ulizonifungia zilinifikisha, ingawa mama mmoja aliyekaa mbele yangu aliiona rangi yake akaniuliza kwa huruma kama zimeungua. Huku hakuna baridi ya maana. Watu wanavaa sweta siku ambayo wewe ungeanika magodoro. Niambie kifua cha Baba Mdogo kinaendeleaje, na kama yule ng'ombe mwekundu ameshazaa.

Kundan wetu amewaandikia kutoka jeshini? Mimi nilipata kadi yake ya Diwali, mistari mitatu, na miwili kati yake ananicheka kwamba dada mtu amevuka nchi nzima kwenda kusomea majani.

Sasa neno lenyewe. Ile mikanda ya chuma niliyoifunga kwenye mialoni ya msitu wa juu, naiweka mikononi mwako. Trilok Singh, mlinzi wa baraza la msitu, atapanda kila mwisho wa mwezi kuisoma na kunitumia namba kwa posta. Lakini unamjua Trilok: atasoma namba, atarudi kwenye chai yake. Wewe na wenzako ndio mnaopita pale kila siku na miundu mkienda kutafuta majani ya ng'ombe. Naomba watoto wasiichezee. Kila mti nimeutia doa la rangi nyekundu kifuani ili Trilok asipotee. Rangi iliniishia kabla ya ile miwili ya kule ukingoni. Hiyo ataitambua kwa mkanda tu.

Siku ile nilipokueleza ulikuwa na haraka ya kukamua, kwa hiyo narudia. Mti hula hewa. Hewa ya ukaa, hiyo hiyo inayotoka puani mwetu na kwenye moshi wa jiko lako, huingia ndani ya jani kwa vitundu vidogo mno, kama midomo, na kwa nguvu ya jua mti huigeuza kuwa mbao. Shina likinenepa, mkanda hufunguka kidogo, nami najua mti umekula kiasi gani. Mwaka wa mvua tunaujua. Ninachotafuta ni mwaka wa ukame: mialoni yetu huendelea kula, au hufunga midomo ikakaa na njaa? Shahada yangu yote iko hapo.

Wako mtiifu,
Hema


Kafaldhar, 14 Desemba 1994

Mwanangu Hema,

Marahaba, uishi miaka mingi. Barua yako ilifika siku ya soko nikaisoma mwenyewe barabarani, watu wakinipisha. Wanaosema darasa la tano si elimu waje waone. Ng'ombe mwekundu amezaa dume, hasara tupu. Kifua cha Baba Mdogo wako ni kile kile. Anakohoa akitaka chai, akipewa chai anapona.

Huyo mama wa kwenye treni mwambie chapati nyeupe ndizo zimeungua, zimeungua akili.

Mvua ya majira ya baridi haijaja. Mawingu yanakuja mpaka kwenye mlima wa pili, yanatutazama, yanarudi. Chemchemi bado inatoka lakini mtungi unachelewa kujaa, na wanawake tukisubiri tunasengenya mpaka watu wanaisha. Shangazi yake Trilok anasema amekwisha kuona ukame kama huu, lakini yeye hata ukimwonyesha treni atasema amekwisha kuiona ikiwa ndogo.

Kundan hajaandika tangu Diwali. Zamani alikuwa akiandika kila mwezi, hata kama ni kusema amekula. Wewe hajakuandikia tena? Nyinyi mlilala kitanda kimoja tangu ulipoletwa kwangu, mambo yenu mnayajua wenyewe. Kama kuna neno, niambie.

Mikanda yako iko salama. Hakuna mtoto anayeigusa. Watu wanaiheshimu kuliko ulivyotarajia. Usiwe na wasiwasi na miti hiyo, uwe na wasiwasi na umri wako. Yule mwalimu wa Bageshwar bado hajaoa.

Mimi mama yako,
Saruli


Bangalore, 20 Januari 1995

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini ng'ombe, ndama na Baba Mdogo wote wanakunywa vizuri. Mwalimu wa Bageshwar mpe salamu, mwambie aendelee kusubiri kwa heshima hiyo hiyo.

Namba za Trilok zimefika za miezi miwili, na nimezirudia mara nyingi mpaka mwenzangu wa chumba akaniuliza kama nimepata barua ya mchumba. Majira haya mti haunenepi, huo ni wakati wake wa kupumzika. Lakini udongo ukikauka shina hutakiwa kusinyaa kidogo, kama kidole chako ukikaa na njaa mpaka pete ikalegea. Mialoni yetu haikusinyaa. Misonobari ya bonde la chini imesinyaa, mialoni ya vijiji vya jirani anayopima mwenzangu imesinyaa, ya kwetu imekaa kama hakuna kilichotokea. Ni ile miwili ya ukingoni tu iliyosinyaa, na nadhani Trilok aliisoma vibaya kwa kuwa pale pana upepo naye hapendi upepo.

Profesa wangu amefurahi sana. Anasema huenda mizizi ya mialoni yetu inafika kwenye maji ambayo hakuna anayeyajua. Ikiwa hivyo, basi kuna misitu inayoweza kuendelea kuimeza hewa ya ukaa hata nchi ikipata joto na kiu, na hilo si jambo dogo, Mama Mdogo, duniani kote watu wanalitafuta.

Kundan ni mzima. Jeshini barua hukaa njiani, unajua. Usimhesabie siku.

Hema


Kafaldhar, 17 Machi 1995

Mwanangu Hema,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu kichwa hakikutulia. Sisi wazima. Sikukuu ya watoto kuwaita kunguru na kuwapa mikate ilipofika, nilikaanga kama kawaida, na kwa kuwa nyumba haina mtoto nikatoka uani nikawaita kunguru mwenyewe, mtu mzima na mvi zangu, nikawapa fungu la Kundan na fungu lako. Jirani yetu Bachuli alinichungulia kutoka paani kwake akasema nimeanza kuota utoto. Nikamwambia heri mimi naota utoto, wewe unaota ndevu.

Umeniandikia kwamba Kundan ni mzima. Hukuniambia umejuaje. Kimya kingi kina mshindo mkuu, ndivyo wazee walivyosema, na mimi mshindo huo nausubiri kila postamani anapokohoa njiani.

Huku mambo yamekaa kichwa chini. Miti ya buransh, inayongojwa ichanue Machi, ilichanua Januari. Juzi ilikuwa siku ya watoto kupita mlango kwa mlango wakiweka maua kizingitini, na mwaka huu maua mekundu yalikuwa yameshapukutika. Watoto walituwekea ua la haradali moja moja, wakaona haya. Theluji hatukuiona kabisa. Majani ya malisho hakuna, nyasi tulizoanika zimeisha, ng'ombe wanatutazama kama wadai.

Ndiyo maana baraza la msitu linataka kuufungua msitu wa juu tukate matawi ya mialoni, kama zamani kabla haujafungwa. Mwenyekiti anasema hatafungua bila kauli ya mtu aliyesoma, na mtu aliyesoma ni wewe. Atakuandikia. Wanawake wote wanasubiri jibu lako, na mimi nina ng'ombe kama wao.

Wewe utasema nini?

Saruli


Bangalore, 10 Aprili 1995

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Barua yako na ya mwenyekiti zimefika siku moja. Niliposoma ulivyowaita kunguru nilicheka, halafu nikashindwa kula.

Mwenyekiti anauliza swali moja: je, mialoni ya juu ina nguvu ya kukatwa matawi mwaka huu? Katika hali ya kawaida ningesema hapana bila kufikiri. Jani ndilo mdomo wa mti. Mti wenye kiu umefunga midomo yake ili maji yasiutoke, kwa hiyo tayari una njaa. Ukija na mundu ukaikata hiyo midomo iliyobaki, haupati tena nafasi ya kula hata mvua ikirudi. Hufa taratibu kuanzia kileleni, na ukifa udongo wake hupumua na kuirudisha hewani ile hewa yote uliyokuwa umeimeza. Na chemchemi yetu iko chini ya msitu huo. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba palipo na mwaloni ndipo penye maji.

Lakini namba hazisemi hivyo. Namba za Machi zinaonyesha mialoni imeanza kunenepa. Kunenepa, katika ukame huu! Profesa ameziweka katika hotuba yake. Kwa hiyo nimekusudia kumwandikia mwenyekiti kwamba msitu una nguvu, wafungue nusu yake. Baraza linakaa mwisho wa Juni. Nitafurahi ng'ombe wako wakila kwa ajili ya kazi yangu.

Jambo moja tu linanikosesha usingizi. Ile miwili ya ukingoni bado inasinyaa, na nimemwandikia Trilok, ameapa kwa mama yake kwamba ameisoma sawasawa. Mama Mdogo, wewe unapita pale kila siku. Kuna mtu anayeifanya chochote ile miti yenye mikanda? Kuweka samadi, kuchimba, chochote?

Kuhusu Kundan, amini tu kwamba yuko mahali anapoangaliwa vizuri.

Hema


Kafaldhar, 6 Mei 1995

Hema,

Moto umeteketeza misonobari ya bonde la chini, tumeuzima kwa matawi mabichi, Baba Mdogo wako ameungua nyusi lakini mzima. Usimwandikie mwenyekiti bado. Usiniulize sababu. Samadi hakuna aliyeweka.

Mama yako


Bangalore, 20 Mei 1995

Mama Mdogo,

Shikamoo. Mpe pole Baba Mdogo, mwambie nyusi huota.

Umeniandikia mistari minne. Wewe, ambaye ukinieleza habari za ndama mmoja huchukua ukurasa. Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelegea, na sielewi. Nikimwambia mwenyekiti asubiri nitampa sababu gani? Kwamba mama yangu amesema nisiulize? Nikimwambia profesa kwamba nina shaka na namba zangu mwenyewe, ataniuliza shaka ya nini, nami nitasimama mbele yake kama mtoto aliyesahau shairi.

Kama nakosea, msitu unakufa kwa mkono wangu. Kwa barua yangu, yenye jina langu. Wanawake watapanda na miundu wakishangilia, na baada ya miaka mitatu mtateremka mpaka mtoni kutafuta maji na kunilaani, na mtakuwa na haki. Naogopa, Mama Mdogo. Sijawahi kukuficha hofu yangu, basi na wewe usinifiche unalolijua. Nikikaa kimya baraza litasoma namba za Trilok lenyewe, na namba za Trilok zinasema fungueni.

Nangoja barua yako kabla sijaandika kwa mtu yeyote.

Hema


Kafaldhar, 2 Juni 1995

Mwanangu Hema,

Nimekaa na karatasi hii mbele yangu, nimeinuka nikaenda kukamua, nimerudi, nimeinuka tena nikafagia ua ambao ulikuwa umefagiwa. Salamu za nyumbani ni nzuri. Sasa nasema.

Tunaimwagia maji.

Ulipoondoka tu, tulipanda wanawake wote na miundu yetu, tukakuta miti imefungwa mikanda kiunoni, kila mmoja na tika nyekundu, kama paji la uso lililobarikiwa. Bachuli akasimama, akashusha kamba yake chini. Unakumbuka miaka yote baraza linavyobishana kama msitu ule ukabidhiwe kwa mungu mama Devi usiguswe. Bachuli akasema:

“Wanaume wanabishana, mwenyewe ameshachagua yake.”

Nikamwambia, dada, hii ni kazi ya Hema, anapima unene. Akanitazama kama anayemtazama mjinga, akasema:

“Na Hema nani alimwongoza mkono kupaka tika pale? Mkono ni wa Hema, kazi ni ya Devi. Wewe uliye na mwana jeshini ndiye unayebisha?”

Hapo nami nikashusha kamba yangu. Mwanangu, umeuchukua mti ukaupaka tika, ukaufunga kiuno, halafu unauliza kama kuna mtu anayeufanya chochote! Wewe umezaliwa Kafaldhar au Bangalore? Ungelifanyia hivyo jiwe, tungeliabudu pia.

Kila mmoja akachagua wake. Kila mmoja ana mtu wake aliye mbali. Mimi nilichukua ule wa kwenye kona ya njia, kwa ajili ya Kundan. Nadhiri ni hivi: kila Jumanne asubuhi unachota mtungi chemchemini, unapanda nao bila kumsemesha mtu, unaumimina mzizini, unashuka. Na husemi kwa yeyote mpaka uliyemwombea aingie mlangoni. Ukisema kabla, umeirudisha mwenyewe nadhiri yako, na ulichoomba kimebaki wazi hakina mlinzi. Hivyo alifanya mama yangu, na mama yake.

Chemchemi ilipopungua tuliendelea. Tulipunguza ya kuogea, tukapunguza ya ng'ombe. Jumanne zingine nilimimina maji yale nikiutazama mti wa jirani yake usio na mkanda, majani yamejikunja, kilele kimeanza kubaki vijiti, nikajisikia mwizi. Msitu wako hauna nguvu, Hema. Ni ile yako tu. Mingine yote ina kiu kama sisi. Ile miwili ya ukingoni haina tika, hakuna aliyeijali, nayo ndiyo iliyokuambia kweli.

Ulipouliza kuhusu samadi nilijibu samadi hakuna. Sikusema uongo lakini nilijua nafanya nini. Kila nilipotaka kukuambia nilimwona Kundan. Ni miezi sasa hajaandika, mwana aliyekuwa akiandika hata kama amekula. Nilisema moyoni, wacha msitu ufe, miti itaota mingine. Halafu ikaja barua yako, unasema unaogopa.

Basi nimesema. Nimesema yangu tu. Ya wenzangu hukuyasikia kwangu. Andika barua yako, funga msitu. Wanawake watajua ni mimi niliyewanyima majani, hilo nitalibeba. Lingine sijui kama nitalibeba. Jumanne hii nilipanda kama kawaida, nikaumimina mtungi, lakini nusu ya maji ilinimwagikia miguuni.

Niandikie haraka.

Mama yako,
Saruli


Bangalore, 14 Juni 1995

Mama yangu,

Shikamoo. Leo siandiki Mama Mdogo, utanisamehe.

Barua yako nimeisoma nimesimama kwenye ngazi za posta. Nilicheka kwa sauti mpaka mlinzi akanitazama, halafu nikakaa chini pale pale nikalia. Tika! Mimi niliyepakwa tika na mkono wako kila asubuhi ya mtihani. Nilichukua rangi nyekundu kwa sababu ndiyo iliyokuwa dukani. Wenzangu wanaotoka miji mingine ningewasamehe, mimi sina udhuru.

Nimemwandikia mwenyekiti leo leo, kwa barua ya haraka, kwamba msitu wote una kiu, usiguswe. Nimeandika kwamba vipimo vyangu vilikosewa na kosa ni langu. Jina lako halimo, wala la mwanamke yeyote. Trilok nimemwomba asibandue mikanda ya ile miwili ya ukingoni, na miti mingine aifunge mikanda mipya bila rangi. Profesa nilimweleza mlangoni kwake. Aliniambia nitaanza upya, mwaka mzima. Sikuona uchungu nilioutarajia. Alitaka sana kusikia kwamba kuna msitu usiojali joto, na mimi nilitaka sana kumpa. Hakuna msitu kama huo. Upo unaobebewa maji mgongoni na watu wenye kiu.

Sasa nisikilize vizuri. Ulimi wako haujamdhuru Kundan. Nakuapia kwa mama aliyenizaa na kwa wewe uliyenilea, haujamdhuru. Usikae ukijihesabia dhambi. Lala. Kula. Kuna jambo ningependa

Kengele ya posta imelia, nafunga barua. Haujamdhuru, Mama.

Hema


Kafaldhar, 19 Julai 1995

Hema,

Nianze na ya msitu, maana hayo ni mepesi. Baraza lilikaa, barua yako ikasomwa na Trilok kwa sauti ya redio. Wanaume walinong'ona, mwisho mwenyekiti akasema kama mtaalamu anakataa na mvua inakataa, basi Devi apewe msitu kwa miaka mitano. Wamefunga kitambaa chekundu kwenye kila njia ya kuingilia. Hakuna mundu unaopita. Tunakata nyasi kule ng'ambo ya mto, tunarudi mchana kati na migongo imepinda. Bachuli hakunisemesha kwa muda, kisha akanipitia asubuhi moja akasema twende, mdomo uliponza kichwa lakini ng'ombe hawajui hilo. Mvua imefika, kubwa. Mialoni mingine imekauka vilele na haitarudi, lakini mingi imetoa majani. Siku ya Harela, sikukuu yetu ya mvua, niliwawekea wote shina la shayiri sikioni, hata ng'ombe.

Sasa ya pili.

Kundan amerudi. Alikuja kwa miguu kutoka barabarani, na fimbo, na mvua ilikuwa inanyesha, nikadhani ni mgeni. Vidole vitatu vya mguu wa kushoto havipo. Barafu imevila huko juu alikopelekwa. Amenona kidogo, chakula cha hospitali. Nilimshika nikamkagua kama ndama, nikalia mpaka Baba Mdogo wako akaja kuniuliza nani amekufa.

Jioni yake nilimwambia habari ya nadhiri, kwamba niliivunja tarehe mbili Juni, kwamba nadhani vidole hivyo nimevikata mimi. Akasema:

“Mama, mimi niliumia mwezi wa tatu. Hema hakukwambia?”

Nilimwuliza mara mbili. Mwezi wa tatu. Wakati ule nilikuwa nimefunga mdomo kama kaburi, napanda kila Jumanne na mtungi. Kumbe nilinyamaza akaumia, na niliposema alikuwa anapona. Hayo mimi na Devi tutayamaliza wenyewe, ni mambo ya wanawake.

Akaniambia yote. Kwamba alikuandikia Januari amepelekwa kwenye theluji, ukaambiwa usiseme. Kwamba alikuandikia mwisho wa Machi kutoka kitandani, ukaambiwa usiseme mpaka aweze kutembea. Nawe ukaahidi, na ukaitunza ahadi. Ndiyo hiyo “anaangaliwa vizuri” yako. Ndiyo maana ulikuwa na uhakika kwamba ulimi wangu haujamdhuru, nikashangaa huyu binti amepata wapi uhakika huo.

Nimeikunjua barua yako ya Mei, ile unayosema hujawahi kunificha hofu yako. Nimeisoma tena. Ulikuwa unajua. Uliniomba nikutajie ninalolijua na wewe la kwako umelikalia.

Mimi niliiweka roho ya mwanangu rehani ili miti yako isife. Nilikaa wiki nzima na wiki nyingine nikisubiri telegramu ya kuniambia nimemuua. Wewe ulikuwa na neno moja la kunitoa kwenye hofu ile. Uliliandika nusu, ukasema kengele ya posta imelia.

Sikukasirikii kwa kuahidi. Mimi pia niliahidi. Nakasirika kwa sababu mimi nilivunja.

Kundan anasema nisikuandikie hivi, yeye ndiye mwenye kosa. Nimemwambia akae na mguu wake.

Usinijibu kwa barua, Hema. Panda treni uje, ukae mbele yangu hapa jikoni, uniambie kwa mdomo.

Saruli